Maneno 600 ya Kiingereza kwenda Kifaransa: kosa ni lipi na mazoea ya mhakiki ni yapi?

Mtafsiri_Njiro

Wakuu, habari za kazi.

Nina faili la Excel lenye maneno 600 ya Kiingereza ya mradi wa afya ya msingi na vikundi vya kuweka na kukopa. Yamepangwa kwa alfabeti, safu moja tu. Nayaweka katika Kifaransa kwa ajili ya wenzetu wa Goma, Bukavu na Bujumbura. Sehemu nimetumia programu ya kutafsiri, sehemu nimetumia kamusi. Mhakiki amerudisha faili limejaa alama nyekundu, bila maelezo. Baadhi ya mistari ni hii, Kiingereza kushoto na nilichoandika kulia:

delay – délai
deputy – député
injury – injure
preservative – préservatif
evidence – évidence
malaria control – contrôle de la malaria
commodities – commodités
stock-out – épuisement
issue – problème
case – cas
draft – brouillon
accountability – responsabilité
school fees – frais de scolarité

Naomba kujua matatu. Lipi hapa ni kosa kabisa na lipi ni mazoea ya mhakiki tu? Orodha ya aina hii hupangwaje ili isirudishwe tena? Na ni hazina zipi za istilahi za kuaminika, maana mtandaoni kila ukurasa una jibu lake?

Bi_Istilahi

Ndugu, kabla hujagusa Kifaransa rudi kwenye hiyo safu yako moja, kwa sababu kosa limeanzia hapo. Chukua "issue". Ikiwa ni hoja ya mkutano, ni « question » au « problème ». Toleo la gazeti ni « numéro ». Ofisi ikitoa kibali, kitenzi ni « délivrer ». Benki ikitoa hati fungani, ni « émettre ». Ghala likitoa dawa kwenda zahanati, ni « sortie de stock ». Wewe umeandika « problème ». Neno hilo likiingia kwenye fomu ya ghala, mtunza stoo wa Uvira ataona safu yenye kichwa "matatizo" pale alipotakiwa kujaza idadi ya makopo aliyotoa, naye ataiacha tupu au ataandika kwamba hakuna.

"Case" ni vivyo hivyo. Mgonjwa ni « cas », kesi ya mahakamani ni « affaire », faili la mtu anayehudumiwa ni « dossier », na kreti ya vinywaji kule Kongo ni « casier ».

Kwa hiyo fungua nyaraka zilizozaa orodha, tafuta kila neno kwa Ctrl+F, na unakili sentensi moja kamili linamotokea. Faili liwe na safu hizi: neno la Kiingereza, aina yake (nomino, kitenzi, kivumishi), sentensi, uwanja (afya, fedha, ghala, sheria), Kifaransa, hazina ulikolitoa, na hali yake: limependekezwa, limehakikiwa au limekataliwa. Neno lenye maana mbili lipewe mistari miwili. Usitie mkwaju (/) kati ya tafsiri mbili ndani ya seli moja, kwa sababu mtumiaji atachukua ya kwanza kila mara. Na tafsiri iliyokataliwa usiifute. Iache pamoja na sababu yake, la sivyo mtu mwingine ataipendekeza upya baada ya miezi miwili na mtaanza mjadala uleule.

Kwenye safu ya Kifaransa, nomino isiandikwe bila « le » au « la » yake. Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kulionea shida jambo hili. Hakuna anayejifunza "tabu" kwanza halafu akaulizia "ki-" na "vi-" baadaye. Ngeli huja na neno lenyewe. Ikianza na irabu, « l' » inaficha jinsia, kwa hiyo andika « un outil », « une enquête ». Miishio inasaidia: -tion, -té na -ence mara nyingi ni za kike, -ment, -age na -isme ni za kiume. Lakini yapo yanayokataa kanuni, na baadhi yamo hasa kwenye miradi kama yako: « le comité », « le traité », « une page », « une image ». "La comité" nimeiona kwenye nyaraka nyingi mno, na ikishaingia kwenye kichwa cha fomu inasambaa kwenye kila kivumishi kinachoifuata. Angalia pia maneno yanayobadili maana kwa jinsia: « le poste » ni nafasi ya kazi au kituo, « la poste » ni posta, « le mémoire » ni tasnifu, « la mémoire » ni kumbukumbu.

Kitenzi nacho kiandikwe na kihusishi chake. Kiingereza kinasema "answer the questionnaire" bila kitu katikati. Kifaransa ni « répondre au questionnaire ». Ukiandika « répondre » peke yake kwenye orodha, msomaji ataunga sentensi kwa mtindo wa Kiingereza. Andika « répondre à », « participer à », « bénéficier de », « manquer de ».

Mzee_wa_Kamusi

Nami niingie kwenye maneno yenyewe. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilitawala ikulu na mahakama za huko kwa muda mrefu, na maneno yake maelfu yakahamia Kiingereza. Kisha kila lugha ikayapeleka inakotaka. Sura zimebaki kufanana, maana zimeachana. Wafaransa huyaita « faux amis », marafiki wa uongo. Katika orodha yako ni haya:

"Delay" ni « retard ». Neno « délai » lina maana ya muda uliopangwa. Barua ikisema msambazaji ana "a delay of 30 days" nawe ukaandika « un délai de 30 jours », umempa siku 30 za halali wakati mwandishi alikuwa anamlaumu kwa kuchelewa siku 30. Hili ndilo ningelirekebisha la kwanza.

"Injury" ni « blessure ». « Injure » ni tusi. "Preservative" ya kwenye chakula ni « conservateur ». « Préservatif » ni kondomu, na kosa hilo likifika kwenye lebo ya juisi, lebo zote zinachapishwa upya. "Deputy director" ni « directeur adjoint ». « Député » ni mbunge.

"Evidence" mahakamani ni « preuve ». Kwenye afya, "evidence-based" ni « fondé sur des données probantes ». « Évidence » ni jambo lililo wazi lisilohitaji kuthibitishwa, yaani karibu kinyume cha unachotaka kusema.

"Malaria control" ni « lutte contre le paludisme ». « Contrôle » lina maana nyingi, lakini likiwa peke yake msomaji hufikiria kwanza ukaguzi, kama « contrôle des passeports ». Ugonjwa uliodhibitiwa ni « maîtrisé ». « Malaria » linaeleweka, ila nyaraka za afya zilizoandikwa kwa Kifaransa tangu mwanzo hutumia « paludisme ».

"Commodities" inategemea uwanja: dawa na vifaa vya afya ni « produits de santé », chakula ni « denrées », bidhaa za soko la dunia ni « produits de base ». « Commodités » ni vitu vya kurahisisha maisha. "Stock-out" ni « rupture de stock », hakuna mjadala. « Épuisement » kwenye hati ya afya linasomeka kama uchovu wa mwili.

"Draft report" ni « projet de rapport ». « Brouillon » ni karatasi ya kuchorachora kabla ya kuandika. Hapa pana mtego ndani ya mtego, kwa sababu "project" nayo ni « projet ». Ukikutana na "draft project document" andika « version provisoire du document de projet », upone.

"Accountability": « responsabilité » ni pungufu, linabeba wajibu na pia lawama. « Obligation de rendre compte » ndiyo maana kamili.

Sasa yapo maneno yanayopishana njia, na haya yanadanganya hata wazoefu. Kuhudhuria kwa Kiingereza ni "attend", kwa Kifaransa « assister à ». Kusaidia kwa Kiingereza ni "assist", kwa Kifaransa « aider ». Na « attendre » ya Kifaransa ni kusubiri. Orodha ya waliohudhuria semina inaweza kugeuka orodha ya waliosaidia, au ya waliosubiri. Vilevile "ask" ni « demander » na "demand" ni « exiger »: ukikosea, kijiji kilichoomba kisima kinaonekana kimetoa amri. Halafu "eventually". Sentensi "the funds will eventually be transferred" inasema pesa zitatumwa hatimaye. Ukiandika « éventuellement », umesema huenda zikatumwa. Tumia « finalement » au « à terme ». Na "actually" ni « en fait ». « Actuellement » ni kwa sasa.

Kanuni yangu ni moja: kadiri neno la Kifaransa linavyofanana na la Kiingereza, ndivyo linavyostahili kukaguliwa zaidi. Likague kwenye kamusi ya Kifaransa kwa Kifaransa, usome maelezo ya maana yenyewe. Kamusi ya lugha mbili haitoshi kwa kazi hii.

Kuhusu hazina: UNTERM ya Umoja wa Mataifa, IATE ya Umoja wa Ulaya, TERMIUM Plus ya serikali ya Kanada na Grand dictionnaire terminologique ya Québec. Zote hazilipiwi. Kwa mradi wa afya anza na UNTERM. Hizo mbili za Kanada ni nzuri sana, ila angalia maneno ya kwao, kama « fin de semaine » pale ambapo Ufaransa husema « week-end ». Linguee na Reverso Context zinakuonyesha jinsi wengine walivyotafsiri, pamoja na makosa yao. Zitumie kuona sentensi, usizitaje kama ushahidi. Na kabla ya kuandika "limehakikiwa", tafuta neno hilo katika hati iliyoandikwa kwa Kifaransa tangu mwanzo, kwa mfano mwongozo wa wizara ya afya ya nchi inayotumia Kifaransa. Lisipoonekana humo hata mara moja, lina mashaka.

Dada_wa_Kivu

Salamu kutoka Bukavu. Mzee na dada hapo juu wamesema vizuri. Mimi naongeza upande wa wasomaji, maana Kifaransa cha huku kilipitia Ubelgiji na kina maneno yake. Kitu ambacho Paris kinaonekana kigeni, huku ndicho cha kila siku.

Mhakiki wako akikubadilishia « frais de scolarité » akaweka « minerval », hajakuonyesha kosa, amekuonyesha msomaji. Bango la wazazi Goma au Bujumbura liwe na « minerval ». Ripoti ya mfadhili aliyeko Ulaya ibaki na « frais de scolarité ». Weka mistari miwili na useme ni kwa ajili ya nani. Hesabu pia: 70 ni « septante » na 90 ni « nonante » kwetu, Burundi na Rwanda, ila 80 inabaki « quatre-vingts ». Mkataba wenye kiasi kwa maneno ukienda Dakar, rudisha « soixante-dix » na « quatre-vingt-dix ».

Kwenye afya fuata muundo wa Kongo ulivyo: « zone de santé », ndani yake « aire de santé », kisha « centre de santé » na « hôpital général de référence ». "Community health worker" kwetu ni « relais communautaire », na watu hufupisha wakisema « reco ». « Agent de santé communautaire » litaeleweka, lakini mhudumu mwenyewe anaweza kudhani ni cheo kingine kipya. "Health commodities" utazikuta zikiitwa « intrants » kwenye ripoti nyingi za huku.

Vikundi vya akiba: "VSLA" ni « AVEC », yaani « association villageoise d'épargne et de crédit ». Usichanganye na « mutuelle de solidarité », ambayo watu huita « MUSO ». Taratibu zake ni tofauti, na mwanachama wa kimoja hapendi kuitwa wa kingine.

Utawala ndio wenye taabu. Kongo tuna « province », « territoire », « secteur » au « chefferie », « groupement ». Burundi wana « commune » na « colline ». Mkuu wa commune kwetu ni « bourgmestre », Burundi ni « administrateur communal », Ufaransa ni « maire ». "Ward" ya Tanzania haina lenzake kati ya hao wote. Acha neno "kata" lilivyo na uongeze maelezo mafupi mara ya kwanza linapotokea. Usiligeuze kuwa « commune », utakuwa umeipandisha cheo.

Mzee, kwa heshima, kuhusu "accountability" sikubaliani nawe moja kwa moja. « Obligation de rendre compte » ni sahihi na kwenye hati ya kisheria ningeiacha. Lakini mikutanoni huku na kwenye fomu za malalamiko watu wanasema « redevabilité », na kila mshiriki analielewa. Kwenye kichwa cha safu yenye upana wa sentimita tatu hilo refu halikai.

Jambo la mwisho kwangu ni dodoso. "You" kwa mtu mzima ni « vous » daima, hata akiwa mmoja. Programu huchanganya, swali la 4 linakuja na « vous » na la 5 na « tu ». Mama wa miaka 60 kuulizwa kwa « tu » na kijana asiyemjua ni kukosewa adabu, na hatajibu vizuri. Dodoso la watoto ndilo linaloweza kwenda na « tu ».

Mzee_wa_Kamusi

Dada, nakubali kwa fomu na mikutano. Basi Mtafsiri aweke mistari miwili: « redevabilité » kwa fomu, na ile ndefu kwa mikataba.

Mtafsiri_Njiro

Ahsanteni sana, nimeanza kupanga safu upya. Yamebaki mawili. Kuna vichwa vyenye msururu wa nomino, mfano "water quality monitoring committee training manual". Sijui pa kushika. Pili, faili nililohifadhi kwa CSV (maandishi matupu ambayo safu zake hutenganishwa kwa koma) likifunguliwa Bujumbura herufi « é » inageuka « Ã© » na kila kitu kinajazana kwenye safu moja.

Bi_Istilahi

Msururu wa nomino wa Kiingereza husomwa kuanzia mwisho. Kitu chenyewe ni "manual". Vyote vilivyotangulia vinaieleza. Pita kwanza kwenye Kiswahili: mwongozo wa mafunzo ya kamati za ufuatiliaji wa ubora wa maji. Sasa Kifaransa: « manuel de formation des comités de suivi de la qualité de l'eau ». Mpangilio ni uleule, na kila -a unganifu yetu imekuwa « de ». Anayetafsiri moja kwa moja kutoka Kiingereza hulazimika kuupindua msururu mzima kichwani; wewe Kiswahili kimeshakupindulia.

Kinachobaki ni kuchagua « de » tupu au yenye kibainishi (« le », « la », « les »). « Formation » hapa inataja aina ya mwongozo, kwa hiyo « de formation ». Kamati ni zile zinazojulikana, kwa hiyo « des comités ». Ubora ni wa maji yenyewe, « de l'eau ». Lakini kituo cha maji ni « point d'eau », kwa sababu hapo maji yanataja aina ya kituo.

Msururu ukianza na kivumishi, simama uulize. "New committee training manual": kipya ni kipi, mwongozo au kamati? Kifaransa kitakulazimisha kuchagua kati ya « nouveau manuel » na « nouveaux comités ». Kiswahili hakitakufichulia, maana "mpya" inakaa sawasawa kwa mwongozo na kwa kamati. Mwandikie mwenye hati, ungoje jibu.

Mhakiki_Buja

Nijibu la faili. « é » kuwa « Ã© » maana yake faili liko katika UTF-8, mfumo mmojawapo wa kusimba herufi kwenye kompyuta, lakini limesomwa kwa usimbaji mwingine. Hifadhi kwa chaguo la CSV UTF-8. Anayepokea asilibofye mara mbili. Afungue Excel, aende kwenye Data, achague kuingiza kutoka maandishi au CSV, kisha achague 65001 Unicode (UTF-8). Kujazana kwenye safu moja ni kwa sababu kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa hutarajia nukta mkato kati ya safu, kwa kuwa koma yake imeshatumika kwenye desimali. Kwenye dirisha hilohilo la kuingiza achague koma. Njia rahisi zaidi ni kutuma .xlsx na kuachana na CSV kabisa.

Hiyo koma ya desimali ndiyo hatari kuliko herufi. "1,500 kg" ya Kiingereza, ikiachwa hivyo, kwa Kifaransa ni kilo moja na nusu. Iandikwe « 1 500 kg », na 1,500.75 iwe « 1 500,75 ». Ukibadilisha kwa mkono ndani ya Word, ondoa kwanza koma za maelfu uweke nafasi, ndipo nukta ziwe koma. Ukianza na nukta, koma zote zitafanana na hutazitenganisha tena. Ndani ya Excel usiguse tarakimu. Kompyuta ya msomaji itazionyesha kwa mtindo wake.

"Billion" ni « milliard ». « Billion » ya Kifaransa ni milioni milioni, yaani mara 1,000 zaidi, na "bilioni" yetu ya Kiswahili inafuata Kiingereza, kwa hiyo sikio lako halitakushtua. Tarehe andika mwezi kwa herufi, ndogo: « 3 avril 2025 ». Kabla ya « : », « ; », « ? » na « ! » pana nafasi, nayo iwe ile isiyokatika, Ctrl+Shift+Space katika Word, ama sivyo alama ya kuuliza itaangukia mwanzo wa mstari unaofuata.

Vifupisho vipe karatasi yake ndani ya faili: HIV ni VIH, WHO ni OMS, NGO ni ONG, VAT ni TVA, GBV (ukatili wa kijinsia) ni VBG, DRC ni RDC. EAC, yaani Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni CAE, na hiyo utaihitaji sana, maana mwaka 2022 Jumuiya iliipokea Kongo, na imekubali Kifaransa na Kiswahili kuwa lugha zake rasmi.

Mwisho, pima visanduku vya fomu kabla ya kuchapisha. Aya ya Kifaransa huwa ndefu kuliko ya Kiingereza kwa asilimia 15 hadi 30, lakini maneno mafupi ya kichwa hupita hapo. "Due date" ina nafasi 8. « Date d'échéance » ina 15.